Kusafirisha baiskeli kwa treni ya reli ya kati

Kwa safari ndefu ya Dar es Salaam hadi Kigoma, baiskeli ipeleke kwenye behewa la mizigo. Fika stesheni mapema: kuna kupima, kulipia na kupewa stakabadhi. Bila stakabadhi hiyo utasumbuka kuidai, kwa hiyo itunze pamoja na tiketi.

Kinachoharibika zaidi ni pedeli, usukani na kibadili gia cha nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo), kwa sababu magunia hulazwa juu yake. Fungua pedeli kwa spana namba 15. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa, ya kushoto kwa mwelekeo wa saa. Ukilazimisha utaua hesi (mikato ya skrubu) ya krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, na hapo pedeli haikai tena. Legeza usukani, uzungushe ulale sambamba na fremu. Mnyororo uweke kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma ili kibadili gia kiingie ndani, kisha kifunge boksi nene kwa vipande vya mpira wa tairi. Kamba ya katani hulegea treni ikitikisika, mpira haulegei.

Upepo punguza kidogo tu. Tairi tupu huacha rimu igongwe.

Kwenye fremu andika jina, simu na stesheni ya kushukia kwa herufi kubwa. Tabora ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, na mzigo usio na maandishi huweza kwenda kusiko. Taa, pampu na chupa safiri navyo mwenyewe.