Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpumzisha Anayeuguza Nyumbani

Anayemuuguza mzazi aliyepooza, mume mwenye saratani au mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana likizo iliyoandikwa popote. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa duniani hufanywa na wanawake, na katika nyumba zetu mzigo huo humwangukia binti ambaye hajaolewa, mke wa mtoto wa kiume, au yule ambaye ndugu wameamua kwamba hana shughuli nyingi mjini. Familia nyingi hukumbuka kumpumzisha pale anapoanguka yeye mwenyewe, na kwa wakati huo nyumba ina wagonjwa wawili. Basi pangeni mapema.

Itisheni kikao cha ndugu na mtoke na tarehe. Kumwambia mlezi kwamba atapumzika mambo yakitulia ni sawa na kumwambia kwamba hatapumzika, kwa sababu ugonjwa wa kiharusi au wa kusahau wa uzeeni hautulii kwa ratiba ya mtu. Ndugu walio mbali wachangie nauli ya msaidizi, chakula na pampasi, lakini angalau mmoja wao aje kwa miguu yake, kwa kuwa pesa hainyanyui mgonjwa wala haimgeuzi saa nane za usiku.

Mgonjwa mwenyewe aulizwe, hata kama anazungumza kwa shida. Baba mtu mzima anayeogeshwa na mkwewe kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo anaumia kwa jambo ambalo hatalitamka, na mama mkwe hivyo hivyo. Wala msimtwishe dada wa kazi kazi hii juu ya kupika, kufua na kulea watoto bila makubaliano na bila kumwongezea malipo.

Kadi ya kliniki, kadi ya bima au kitambulisho cha msamaha wa matibabu cha mzee, namba za simu na fedha ya teksi ya dharura viwekwe kwenye mfuko mmoja ambao kila mtu wa nyumba anaujua. Dawa zizidi siku ambazo mlezi atakuwa safarini, na kila moja iandikiwe saa yake na kama hutangulia chakula au hufuata. Kwa mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini, msaidizi afahamu kwamba siku akikataa chakula hadungwi kipimo kile kile kwa mazoea. Apige simu kwa mhudumu wa afya kwanza, kwani sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Sasa nije kwenye makabidhiano, jambo ambalo wengi hulitengea dakika kumi na ambalo nimeona likiharibu kila kitu. Jirani yetu mmoja hapa Dar es Salaam alimuuguza mama yake aliyepata kiharusi upande wa kulia. Ndugu zake walikubali aende Tanga kwenye harusi ya mtoto wa dada yake ili na yeye abadilishe hewa. Binamu aliyekuja kushika nafasi yake alifika asubuhi ile ile ya safari, wakapishana mlangoni mmoja akiingia na begi na mwingine akitoka na lake, na maelezo yote yakawa kwamba uji uko kwenye chupa na dawa ziko kabatini. Yale ambayo hayakusemwa, kwa sababu binti aliyafanya kwa muda mrefu hata akawa hayahesabu tena kuwa ni ujuzi, ni kwamba mama alilishwa akiwa ameketi wima na mito mgongoni, kidevu kimeinamishwa kidogo kuelekea kifuani, uji ukiwa mzito, nusu kijiko kwa nusu kijiko, ukiwekwa upande wa mdomo ulio mzima. Na kwamba kijiko kingine hakikuletwa mpaka koo lionekane limepanda na kushuka. Akishamaliza, hakulazwa kabla ya nusu saa kupita.

Binamu yule alikuwa na upendo wote. Alimwinua mama kichwa kwa mkono mmoja na kumnywesha uji mwepesi kwa kikombe, mama akapaliwa, akakohoa kidogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kukachukuliwa kuwa ameshiba. Usiku wa pili homa ilipanda na pumzi zikawa fupi. Hospitalini walielezwa kwamba chakula kilipita njia ya hewa na mapafu yamepata nimonia. Mama alipona, ingawa kwa kuchelewa, lakini binti alirudi na basi la kwanza kabla hata ya harusi kufungwa, na tangu hapo hakubali kutoka. Binamu naye, baada ya maneno ya chini chini ya ndugu, aliacha kuja kusalimia. Hakuna mwingine aliyejitolea, kwa hofu ya kuwa wa kulaumiwa. Kwa kukosa siku mbili za kuonyeshana kazi, mlezi yule alipoteza mapumziko ya miaka.

Kwa hiyo msaidizi afike siku mbili au tatu kabla ya safari. Siku ya kwanza atazame. Siku ya pili afanye yeye kila kitu, kulisha, kuogesha, kubadilisha, kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, huku mlezi amekaa pembeni na kuuzuia mkono wake usiingilie. Kisha mlezi atoke kwa saa chache tu, aende saluni au kwa shoga yake, arudi waulizane kilichoshindikana. Mambo magumu yarekodiwe kwa simu. Na msaidizi azijue dalili zisizosubiri asubuhi: homa, kupumua kwa shida, sauti inayokoroma kama yenye majimaji baada ya kula. Asitegemee kikohozi peke yake, kwa kuwa wapo wagonjwa wa kiharusi ambao chakula huwapita njia ya hewa bila wao kukohoa.

Mgonjwa asiyejigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata usiku, na kila anapogeuzwa watazame mgongo wa chini, nyonga na visigino. Ngozi iliyobadilika rangi na isiyorudi hali yake baada ya kuondolewa uzito ni kidonda kinachoanza. Pasisuguliwe, bali asilalie tena upande ule. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote.

Msaada wa nje uombwe kabla ya dharura. Makazi ya wazee ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni, yamewekwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza, na si mahali pa kumwacha mzazi kwa wiki moja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee, na kwa maoni yangu anayepewa jukumu kwa maandishi anastahili pia kupewa wa kumpokea. Mpaka hapo patakapofikiwa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, mjitambulishe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu, na jina la mlezi litajwe kwenye jumuiya au msikitini pamoja na la mgonjwa, maana wanaokuja kumwombea mgonjwa wanaweza pia kukaa naye saa tatu kila Jumamosi. Saa tatu zenye uhakika zina faida kuliko wiki ya ahadi.

Mengine ni ya tahadhari ya kawaida: gesi ifungwe, ufunguo wa mlango wa mbele usibaki na mtu mmoja, mgonjwa mwenye tabia ya kutoka na kupotea avae kitu chenye namba ya simu, sakafu ya bafu isiachwe na maji, dawa zikae mbali na watoto. Ndugu wasimpigie mlezi simu kwa kila jambo dogo akiwa safarini. Ateuliwe mmoja wa kumpa taarifa jioni. Na akirudi, asikabidhiwe mgonjwa siku hiyo hiyo. Msaidizi abaki mpaka kesho yake, amweleze alivyokula, alivyopata choo na dawa zilizobaki, wakaguane ngozi pamoja, ndipo aage.