Gusa injini kabla ya kuuliza bei
Ukienda kuangalia pikipiki iliyotumika dukani, kitu cha kwanza weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha kabla hujafika, na injini iliyopashwa huficha mengi: kuwaka kwa shida, kelele za vali, moshi wa mwanzo. Waambie utarudi kesho uikute imelala. Ikiwashwa baridi ikatoa moshi wa bluu usiokoma, inakula oili. Mimi hapo huaga.

Usiamini mileji peke yake, maana hurudishwa nyuma. Raba za kukanyagia zikiwa zimelika huku saa inasoma kilomita 8,000, kuna mtu anadanganya (na saa haina mdomo). Tairi lina tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta cheni pale nyuma ya sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalozungushwa na cheni). Ikiachana sana na meno, seti nzima ya cheni na sproketi imekwisha.

Sasa bei: jumlisha gharama ya tairi, cheni, betri na breki zinazohitaji kubadilishwa, kisha uitoe kwenye bei wanayotaja. Rangi mpya usiilipie. Namba ya chasi isome kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na kadi ya usajili kabla pesa haijatoka mfukoni.