Kuwatembelea Ndugu Ubelgiji Mwezi wa Oktoba na Kuiwahi Theluji ya Kwanza: Mwongozo kwa Familia za Lubumbashi

Familia nyingi za Lubumbashi zenye ndugu Brussels, Liège au Namur husafiri Julai au Desemba, wakati tiketi zimepanda bei na wenyeji wamebanwa na likizo au sherehe zao. Mimi napendekeza kuondoka mwishoni mwa Oktoba na kurudi mwishoni mwa Novemba. Huku kwetu huo ni wakati wa joto na wa mvua za kwanza. Huko majani yanapukutika, watalii wamepungua, na viwanja vya kwanza vya skii, yaani kuteleza kwenye theluji, vinafunguliwa milimani. Ila safari hiyo ina utaratibu ambao haufai kugeuzwa: wiki za mwanzo ziwe za ndugu, na siku chache za mwisho ziwe za theluji, kwa maana ndugu wapo kwa hakika, ilhali theluji ya Novemba inaweza kuchelewa.

Kabla ya kununua tiketi, waulizeni ndugu watoto wao wanasoma shule za upande upi. Tangu 2022 shule za Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa hupumzika wiki mbili katika majira hayo, na zile za Waflemishi wiki moja tu. Watoto wetu, kwa upande wao, watakuwa katikati ya masomo. Muombeni ruhusa mapema mkurugenzi wa shule ya msingi au prefe wa sekondari, mchukue masomo ya wiki zitakazokosekana, na mrudi kabla ya mitihani.

Maombi ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla yake. Familia yenye watoto isisubiri hadi huko. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bima ya safari inatakiwa kufikia angalau euro 30,000. Viza huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo wanaokaa wiki tatu kwa shangazi na siku nne milimani wataiomba Ubelgiji, na itawafikisha pia Ufaransa, Austria na Uswisi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji idhini ya maandishi ya mzazi mwingine. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkobani pamoja na pasipoti, kwa kuwa itaulizwa mkirudi nyumbani.

Mizigo ndiyo inayoleta machozi uwanja wa ndege. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, pamoja na maziwa na jibini, haviingii Ulaya katika sanduku la msafiri. Majani mabichi ya sombe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Samaki wakavu wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo wao ndio zawadi ninayoipendekeza: wataliwa na bukari siku mtakayofika, na hakuna afisa wa forodha atakayewanyang'anya.

Wiki za ndugu zisijazwe ratiba. Hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa ya Ubelgiji ni sawa na ya Lubumbashi. Baada ya hapo wao hurudisha saa nyuma, na giza huanza kuingia jioni mapema sana, jambo linalowashangaza watoto na kuwachosha wazee. Matembezi yafanyike asubuhi, mchana uwe wa mezani. Tarehe 1 Novemba familia za Ubelgiji hupeleka maua makaburini, kama sisi tunavyosafisha makaburi tarehe 1 Agosti. Ikiwa mna ndugu aliyezikwa huko, siku hiyo iwe yake. Siku nyingine nendeni Tervuren, karibu na Brussels. Hapo kuna Jumba la Makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa upya Desemba 2018, na karibu yake msitu wa Soignes wenye miti mirefu inayogeuka rangi ya shaba. Bibi aingie jumbani pamoja na wajukuu waliozaliwa Ulaya, aachiwe nafasi ya kuwaeleza vitu vya Katanga kwa maneno yake mwenyewe. Kwangu mimi, saa hizo zina thamani kuliko mteremko wowote wa theluji.

Kuhusu mlima, chagueni urefu kabla ya jina. Val Thorens, Ufaransa, iko mita 2,300 na kwa kawaida hufunguliwa katika nusu ya pili ya Novemba. Hintertux ya Austria na Zermatt ya Uswisi zina barafu ya kudumu inayowezesha skii karibu mwaka mzima, lakini hapo watu hupanda kupita mita 3,000. Wekeni nafasi inayoweza kufutwa bila hasara, na uthibitisho wa mwisho uje wiki moja kabla, baada ya kuona ni njia zipi zimefunguliwa kwa wanaoanza. Mkienda kwa gari Ufaransa, kumbukeni kwamba katika maeneo mengi ya milima, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, gari lazima liwe na matairi ya baridi au minyororo.

Hapa naomba wazazi wasome kwa makini. Lubumbashi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,200, na mwili uliozoea kimo hicho bado haujazoea mita 3,000. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, baridi, kiu na upungufu wa oksijeni vinaweza kuamsha maumivu makali na hatari. Mtoto wa namna hiyo asipandishwe mlimani bila daktari wake kukubali, na mara nyingi jibu sahihi ni kwamba abaki chini na mtu anayempenda. Hata aliyerithi ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuugua, anaweza kuumia wengu katika vimo vikubwa. Pimeni damu ya watoto Lubumbashi, kabla ya kulipia chochote.

Watakaopanda wasinunue vifaa. Viatu, skii na kofia ngumu hukodishwa hapohapo. Nguo za ndani zisiwe za pamba, maana pamba hushika jasho na kumpoza mtu. Krimu ya jua inahitajika kwa ngozi nyeusi pia, kwa kuwa theluji hurudisha miale usoni. Lipieni mwalimu kwa asubuhi mbili za kwanza, na mhakikishe kwamba bima inagharimia uokoaji kwenye njia za skii, kwani nyingi za kawaida hazifanyi hivyo.