Kiti mwendo chepesi: pima mwili, kisha sogeza ekseli

Kijana aliyepooza miguu baada ya kuvunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda huenda akasukuma kiti maisha yake yote, na kazi hiyo yote inabebwa na mabega. Kiti cha chuma cha wodini, cha zaidi ya kilo 16, kisiwe chake cha kila siku. Mtafutie chepesi, lakini hakikisha ekseli ya magurudumu ya nyuma, yaani chuma kinachoyashikilia kwenye kiti, inasogezwa. Kiti chepesi ambacho ekseli yake imefungwa mahali pamoja bado kitamuumiza.

1. Mketishe kwenye benchi gumu. Pima nyonga, na upana wa kiti ulingane nazo. Ndugu wengi hutaka kipana ili akinenepa kimtoshe. Matokeo yake anasukuma mikono ikiwa imetanuka, na mwili unaegemea upande. Pima kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina cha kiti.

2. Weka mto kabla ya kurekebisha kingine chochote, maana unamwinua. Halafu panga vikanyagio: mapaja yalale yote juu ya mto, na chini ya vikanyagio ibaki nafasi ya sentimita 5.

3. Sasa ekseli, na hapa usiwe na haraka. Akiachia mikono ining'inie, ncha za vidole zifike usawa wa ekseli. Akishika kilele cha pete ya kusukumia iliyo kando ya gurudumu, pembe ya kiwiko iwe kati ya digrii 100 na 120. Kisha isogeze mbele tundu moja moja. Uzito unapungua kwenye magurudumu madogo, yale yanayozama mchangani, na anasukuma kwa mikupuo mirefu, michache. Ila kiti nacho kinakuwa rahisi kupinduka kinyumenyume, kwa hiyo simama nyuma yake kila anapojaribu. Rekebisha na breki pia, maana gurudumu limesogea. Aliyekatwa miguu ni kinyume: ekseli irudi nyuma, kwani uzito wa mbele haupo.

4. Jaza magurudumu upepo, mpitishe kwenye kokoto na mteremko.

5. Akishuka, kagua makalio kama kuna dalili za vidonda vya mgandamizo. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Papasa utafute joto au ugumu. Ukikuta dalili hizo na hazitulii ndani ya nusu saa, asikalie mto huo tena mpaka ubadilishwe.