Somo: Kompyuta za matawini zisipotee kwenye seva kuu

Wakuu, hili ni la wanaosimamia kompyuta za matawi kutoka seva moja, halafu kila wakizitafuta baadhi hazipatikani mpaka mtu wa kule aiwashe upya.

Tawi linalotumia modemu ya laini ya simu liko nyuma ya NAT (mfumo unaofanya vifaa vingi vitumie IP moja ya umma), na NAT haikumbuki njia ya kurudi kwa muda mrefu. Kwenye Linux, njia ya UDP (utumaji wa pakiti bila kufungua muunganisho kwanza) ambayo haijapata jibu hufutwa baada ya sekunde 30. Ikishafutwa, seva itabisha hodi mpaka ichoke. Anayetakiwa kuanza mazungumzo ni kifaa. Natumia WireGuard, programu ya VPN inayounganisha kifaa na seva kwa njia ya siri.

1. Seva iwe na IP ya umma isiyobadilika, na poti ya UDP 51820 iwe wazi.

2. Kila kifaa kipate ufunguo wake na anwani yake ya ndani, mfano 10.20.0.7/32. Msinakili faili moja kwenye mashine mbili! Zitanyang'anyana njia, nanyi mtabaki kulaumu mtandao.

3. Kwenye faili ya kifaa, chini ya [Peer]:

Endpoint = IP ya seva:51820
AllowedIPs = 10.20.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa tatu ndio somo lenyewe: kifaa kinatuma pakiti tupu kila sekunde 25 ili njia isifutwe. Usipouandika, WireGuard hukaa kimya kama hakuna data ya kupeleka, na njia inafutika.

4. systemctl enable --now wg-quick@wg0 (wg0 ni jina la faili ya kifaa, wg0.conf), ili umeme ukikatika na kurudi, kifaa kijiunganishe chenyewe.

5. Kwenye seva, amri ya wg show. "Latest handshake" (muda tangu kifaa na seva viliposalimiana mara ya mwisho) ikipita dakika 3, kifaa hicho hakipo hewani.

MASWALI

– Mkuu, bando si litaisha?
Haliishi. Pakiti hiyo ya PersistentKeepalive ni baiti 60 hivi ikijumlishwa na vichwa vyake. Kwa siku nzima haifiki MB 1.

– PersistentKeepalive niiweke na upande wa seva?
Seva yenye IP ya umma haihitaji. Acha.

– Mimi seva yangu IP inabadilika, natumia jina la DDNS (jina linaloifuata IP kila inapobadilika). Ikibadilika matawi yote yanakufa.
WireGuard hutafuta IP ya jina mara moja tu, inapowashwa. Ndani ya wireguard-tools kuna skripti ya reresolve-dns.sh, iweke kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) ya kila kifaa, iende kila dakika. Ila ukipata bajeti, nunua IP ya kudumu.