SOMO: Jinsi ya kujua kama gemu fupi linastahili bei yake

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila likitajwa gemu la saa nne linalouzwa dola 20, jibu la kwanza huwa lile lile: "Elfu hamsini kwa saa nne? Si bora nichukue la saa mia!" Namwelewa anayesema hivyo, maana na mimi nimekulia kwenye kibanda cha PlayStation. Kibandani unalipia mechi. Ukifungwa unampisha mwenzio, ukitaka kurudi unatoa hela nyingine. Tukianza kununua magemu yetu wenyewe tunabaki na kipimo kile kile cha bei kugawa kwa saa. Pale kibandani kilikuwa kipimo cha haki, kwa sababu tulikuwa tunakodi mashine ya mtu. Kwa gemu ulilonunua likakaa kwako, kinakupotosha. Nina gemu moja kubwa nililolinunua kwa sababu ya wingi wa saa zake, nikaliacha njiani nikiwa sijafika hata nusu, na mpaka leo sina hamu nalo. Kwa hesabu ya kibandani lile lilikuwa bei rahisi.

Nitaeleza ninavyofanya mimi kabla ya kutoa hela.

Hatua ya 1: Andika bei yote, siyo ya dukani tu

Bei unayoiona Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ni ya dola. Tuseme dola ni Sh 2,600: gemu la dola 19.99 linakuwa kama Sh 52,000. Kwa ndugu zetu wa Kenya, dola ikiwa Sh 129, ni karibu Sh 2,580. Ongeza makato ya kuingiza pesa kwenye kadi ya mtandaoni. Halafu weka bando. Hapo ndipo magemu mafupi yanapotuokoa na wengi hawalihesabu hilo: gemu kubwa la siku hizi linaweza kupita GB 100, na kwa anayetumia intaneti ya simu hiyo ni kama kununua gemu mara mbili. A Short Hike, la dola 7.99, halifiki hata GB 1. Unalishusha huku ugali unaiva.

Hatua ya 2: Tafuta urefu wake wa kweli

Ingia tovuti ya HowLongToBeat, andika jina la gemu. Wachezaji wenyewe ndio huandika walitumia saa ngapi, na hesabu imetenganishwa: hadithi kuu peke yake, hadithi pamoja na ya ziada, na kumaliza kila kitu. Angalia ya kwanza. Journey (2012) ni kama saa 2. What Remains of Edith Finch (2017) nalo ni hapo hapo. Inside (2016) ni saa 3 na nusu hivi, Firewatch (2016) kama 4. Kama Kiingereza unakisoma taratibu, jiongezee muda, hasa kwa Firewatch ambalo uzito wake wote uko kwenye mazungumzo ya redio ya upepo kati ya watu wawili.

Hatua ya 3: Chunguza saa hizo zimejaa nini

Hapa ndipo kazi ilipo, naomba msome polepole.

Chukua Unpacking, gemu la mwaka 2021 kutoka studio ya Witch Beam ya Australia. Unachofanya ni kufungua maboksi ya mtu aliyehama na kupanga vitu vyake ndani ya nyumba, basi. Linaanza mwaka 1997 kwenye chumba cha mtoto na kuishia 2018, nyumba moja baada ya nyingine, na huyo mwenye vitu humwoni. Saa zake ni kama 4. Sasa ukifika mwaka 2010, anahamia kwa mwanaume. Unafungua boksi unakuta cheti chake cha chuo kimewekwa kwenye fremu. Unajaribu kukitundika ukutani, hakuna nafasi, picha za huyo mwanaume zimejaa. Unajaribu sebuleni, jikoni, gemu linakukatalia kote. Mwisho unakisukuma chini ya kitanda, na hapo gemu linakubali. Hakuna mtu aliyesema neno, lakini wewe mwenyewe kwa mkono wako umeficha elimu ya mtu chini ya kitanda. Nilikaa nimeishika mausi bila kuisogeza. Nimecheza magemu ya saa 60 ambayo hayakunipa dakika moja kama ile.

Na kitu kile hakifanyi kazi kikirefushwa. Ukiniwekea nyumba 30 badala ya 8, cheti kingepotea katikati ya sahani na soksi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa gemu lolote fupi ni hili: lingeongezwa saa tano, lingekuwa zuri zaidi au lingepwaya? Ukisoma maelezo na maoni ukahisi lingepwaya, ujue urefu wake umepangwa, na bei yake ina hoja.

Ukihisi lingekuwa zuri zaidi, jiulize la pili: je, mwisho wake ni mwisho kweli, au limekatwa? Mwaka 2014 Konami walitoa Metal Gear Solid V: Ground Zeroes peke yake, na gemu lenyewe hasa, The Phantom Pain, likaja Septemba 2015. Kazi kuu ya Ground Zeroes, ndani ya kambi moja ya jeshi, unaweza kuimaliza chini ya saa 2. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki, kwa sababu walihisi wameuziwa mlango kabla ya nyumba. Lakini lilikuwa na kazi nyingine za pembeni ndani ya kambi ile ile, na waliopenda kurudia kwa njia tofauti walikaa nalo muda mrefu. Ni gemu moja, na wanunuzi wawili wote wana haki. Uamuzi wako unategemea kama wewe ni mtu wa kurudia.

The Order: 1886 (2015, PS4) ni kisa kingine. Lilitoka kwa bei kamili ya dola 60 huku hadithi yake ikiisha ndani ya saa 7 hivi. Picha zake zilikuwa za kuvutia mno, nakiri. Tatizo ni kwamba mtu aliyelipa bei ya gemu kubwa alitegemea gemu kubwa, na mwisho wenyewe uliacha mambo mengi yananing'inia. Urefu ule ule kwa dola 20 usingeleta kelele ile.

Portal, gemu la mafumbo la studio ya Valve (2007), ndilo mfano ninaoupenda. Lilitoka ndani ya The Orange Box, kifurushi kimoja pamoja na Half-Life 2, vipande viwili vya mwendelezo wake na Team Fortress 2. Saa 3 au 4, umemaliza. Likaonekana kama nyongeza tu kwenye kifurushi, na ndilo watu wengi walilolizungumzia zaidi. Kila chumba kinakufundisha jambo moja jipya, ukishalijua tu unasukumwa chumba kingine. Hakuna chumba cha kujazia.

Maana kujazia kupo hata kwenye magemu mafupi. Niliwahi kununua gemu moja la kutisha kwa bei kamili, mwisho wa mwezi, kwa sababu ya trela tu. Saa 2, na nusu yake nilikuwa nazunguka korido lile lile lenye giza natafuta funguo. Lilikuwa fupi na bado lilikuwa refu mno.

Hatua ya 4: Soma maoni ya waliomaliza

Steam huonyesha kila mtoa maoni amecheza saa ngapi. Tumia hilo. Anayesema "fupi mno" akiwa na dakika 40 hajalimaliza, mpite. Mwenye saa 3 kwenye gemu la saa 3 kafika mwisho, huyo msikilize. Ukikuta watu wengi wenye saa 9 kwenye gemu la saa 3, ujue walirudi, na hiyo ni dalili kubwa kuliko nyota yoyote.

Hatua ya 5: Weka bei yako kabla ya kuona punguzo

Jiambie: hili naweza kulitolea elfu ishirini bila kujuta. Liweke kwenye orodha ya matamanio, Steam watakutumia barua pepe likishuka. Kuna mapunguzo makubwa ya kiangazi na ya mwisho wa mwaka, na magemu madogo ya miaka miwili mitatu nyuma mara nyingi hushuka hadi nusu. Ukiweka bei yako kwanza, punguzo la asilimia 30 halitakuchanganya.

Hatua ya 6: Itumie sheria ya saa 2 kwa uungwana

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Ni sheria nzuri kwetu: laptopu ikishindwa kulibeba, unarudisha. Lakini gemu la saa moja na nusu unaweza kulimaliza, ukafurahi, kisha ukadai pesa zako. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58, anayetumia jina la Emika Games, alitangaza kuacha kutengeneza magemu kwa muda usiojulikana. Gemu lake halikufika saa 2, na wachezaji wengi walikuwa wanalirudisha, wakiwemo waliolisifia. Mimi nina sheria yangu: dakika 30 za kwanza ni za kuamua. Nikipita hapo nikaendelea mpaka mwisho, nimekula chakula cha mtu, nalipa.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: *Shukrani mkuu kwa somo. Mimi nina PS4 tu na nimezoea kununua diski na kuuza nikimaliza. Hesabu yako inanihusu?*

Inakuhusu, na wewe una nafasi nzuri kuliko sisi. Bei yako ya kweli ni tofauti kati ya uliyonunulia na uliyouzia. Ukinunua The Order: 1886 diski iliyotumika kwa bei ndogo, ukamaliza wikiendi moja na kuiuza, lawama zote nilizolitolea hapo juu zinakwisha. Angalizo moja: magemu mengi mafupi huuzwa mtandaoni tu, hayana diski, na hayo ukishanunua huwezi kuyauza.

Mwanachama, Mombasa: *Kaka, gemu la saa mbili si nalitazama tu YouTube nikamaliza? Nalipia nini?*

Yapo ambayo kweli ukitazama umepata karibu yote, na kwa hayo sikulaumu. Lakini Journey, kwa mfano, linakukutanisha jangwani na mchezaji mwingine wa kweli, popote alipo duniani. Jina lake hulioni mpaka mwisho, huwezi kumwandikia wala kumsemesha, mnaitana kwa mlio tu. Mkifika kwenye theluji mnajibana pamoja ili mpate nguvu. Ukitazama video unamwona mtu mwingine akisubiriwa. Ukicheza, ni wewe unasubiriwa. Before Your Eyes (2021) nalo linatumia kamera ya kompyuta kufuatilia kope zako: ukipepesa, muda unaruka mbele na kumbukumbu uliyokuwa unaitazama inapita. Video haiwezi kujua umepepesa.

Mwanachama, Unguja: *Samahani kaka, mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka tisa, anatumia simu yangu. Magemu ya bure yamejaa matangazo. Lipo fupi la kulipia linalofaa?*

Hapana samahani dada, swali zuri. Monument Valley (2014), lililotoka kwa dola 3.99. Sura 10, mafumbo ya majengo yanayodanganya macho, unazungusha mnara na njia inajitokeza. Maneno ni machache. Mtu mzima analimaliza kwa saa mbili hivi, mtoto atalirudia. Lilipotolewa nyongeza yake mwaka huo huo kwa dola 1.99, baadhi ya wachezaji walitoa nyota moja tu kwenye maoni kwa kuwa haikuwa bure. Mimi naona bora mtoto ajifunze mapema kwamba kazi ya mtu ina bei. Kwa ajili yako mwenyewe, jaribu Florence (2018). Nusu saa hivi. Wapenzi wakiongea, unaunganisha vipande vya mazungumzo kama fumbo la picha. Siku ya kwanza vipande ni vingi, wakizoeana vinapungua, wakigombana vinakuwa na ncha kali.

Mwanachama, Dodoma: *Mkuu, kwa heshima, sikubaliani. Hela ngumu. Mimi nanunua gemu moja kwa mwaka. Gemu la mpira nacheza mwaka mzima na ndugu zangu wanne.*

Mkuu, kwa hali yako uko sahihi, nunua la mpira. Watu watano mwaka mzima sebuleni, hapo hata mimi sina hoja. Somo hili ni kwa anayenunua matatu au manne kwa mwaka, ambaye tayari ana mawili makubwa aliyoyaacha njiani. Ila ukipata elfu kumi ya ziada siku ya punguzo, chukua A Short Hike, halafu uniambie.

Mwanachama, Muscat: *Ndugu, na Tales of Kenzera: Zau? Nasikia lina Kiswahili.*

Lina sauti za Kiswahili, ndiyo. Limeongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na lilitoka Aprili 2024 kwa dola 19.99. Alilitengeneza kutokana na msiba wa baba yake: kijana Zau anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba. Siyo fupi kama mengine, tenga jioni tatu nne. Kuruka na kupigana kwake kuna magemu mengine yanayolizidi, hilo nakwambia mapema. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili bei yangu kwa gemu hili ni ile ile waliyoweka wao, sisubiri punguzo. Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio ubadilishe sauti iwe Kiswahili, kisha vaa spika za masikioni.