Mkakao Wenye Tawi Lililovimba Usifichwe

Ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi ya kakao uligunduliwa Ghana mwaka 1936, na hadi leo hauna dawa. Aina zake kali huua mti ndani ya miaka michache. Kwa hiyo serikali hukata miti iliyougua pamoja na ile inayopakana nayo, hata ikiwa bado inaonekana mizima.

Hapo ndipo mkulima huumia, lakini sababu ipo. Virusi hivyo huenezwa na wadudu wadogo weupe wenye unga mwilini, wanaofyonza utomvu huku wakilindwa na sisimizi, nao hupita kutoka mti hadi mti pale matawi yanapogusana. Tena mti unaweza kubeba virusi kwa miezi mingi kabla ya kuonyesha dalili.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilikata miti kwa lazima, na wakulima walioshuhudia mikakao yenye matunda ikiangushwa walikasirika kiasi kwamba Tume ya Watson, iliyoundwa na Uingereza kuchunguza ghasia za Accra za Februari 1948, ilikitaja kilio chao miongoni mwa vyanzo vya ghasia hizo. Mpango wa sasa wa COCOBOD, bodi ya kakao ya Ghana, hulipa fidia kwa mkulima na kwa mwenye ardhi pia, kisha hupanda upya miche ya kakao pamoja na migomba ya kivuli kabla ya kurudisha shamba. Kwa maoni yangu, fidia hiyo ina uzito sawa na shoka lenyewe, kwa kuwa mkulima asiye na uhakika wa kula mwaka ujao ataficha mti mgonjwa.

Kagua majani machanga kama mishipa yake ina wekundu, chipukizi kama zimevimba, na matunda kama yamekuwa madogo ya mviringo. Ukiona dalili hizo, weka alama na umwite afisa ugani mapema. Visiki ving'olewe kabisa, maana machipukizi yake hubaki na virusi. Misufi na mibuyu nayo huhifadhi virusi hivyo, kwa hiyo isitumiwe kama miti ya kivuli. Pembezoni mwa shamba jipya panda ukanda wa michungwa au michikichi, ambayo haiambukizwi.

Nanyi wakulima wa kakao wa Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda, msipokee miche wala vikonyo vya kubebeshea kutoka Afrika Magharibi bila kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea.